Asiyekuwepo, Lake Lipo

Wahenga walisema, "Asiyekuwepo na lake halipo." Methali hii inafaa kwenye sinia la chakula. Katika mambo ya ardhi haifai.

Tuchukue mfano. Mwanakijiji amekwenda mjini kutafuta kazi. Shamba lake limeota kichaka. Nguruwe mwitu wanalala humo, na usiku wanakula mahindi ya majirani. Mtu mwingine hana shamba la kutosha. Anachukua panga na jembe, anafyeka na kupanda. Hamwambii mtu. Je, amekosa?

Kutaka kulima si kosa. Kosa lake ni kunyamaza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba shamba lisilotumiwa kwa miaka isiyopungua 5 linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Shamba lililopumzishwa ili lipate rutuba halihesabiwi hivyo. Tena haamui mtu mmoja. Huamua Halmashauri ya Kijiji. Kabla ya kuamua, lazima itoe tangazo. Tangazo hubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, na kwenye shamba lenyewe mahali panapoonekana. Kisha zipite siku zisizopungua 30 kabla ya shauri kusikilizwa. Kila mwenye haki katika shamba hilo anaitwa aje aseme.

Utaratibu huo ni mzuri. Lakini mimi naona peke yake hautoshi. Karatasi ya ofisini haimfikii aliye mbali. Karatasi ya shambani huloweshwa na mvua. Na asiyejua kusoma huipita kama anavyopita mti. Kwa hiyo tufanye mambo matatu zaidi.

Kwanza, jamaa wa mwenye shamba wapelekewe habari nyumbani. Mke, mume, mama au mtoto aliyebaki kijijini aambiwe. Wao ndio wanaojua mwenyewe yuko wapi.

Pili, majirani wa pande zote waitwe shambani. Wao wanajua mpaka unapita wapi. Wanajua mwembe ule ulipandwa na nani. Jirani asiyeitwa leo ndiye ataleta kesi kesho.

Tatu, tangazo lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, watu wote wasikie.

Wengine husema, "Ukimwambia mwenyewe, atakuja kukunyang'anya." Kweli, huenda akaja. Lakini heri aje leo, hujapanda kitu. Akija baada ya miaka 6 atakuta migomba yako na nyumba yako. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake. Je, utalala usingizi miaka yote hiyo?

Nawe uliye mbali, usijisahau. Mtu akikaa waziwazi shambani kwako miaka 12 nawe umenyamaza, unaweza kupoteza haki yako. Mwachie mtu shamba alitunze, na mwandikishane mbele ya mashahidi. Uliyemkaribisha kulima hageuki kuwa mwenye shamba kwa sababu amekaa sana. Lakini bila maandishi, nani atathibitisha kwamba ulimkaribisha? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Kesho ukipita ofisi ya kijiji, simama. Soma kilichobandikwa ukutani. Ukikuta habari ya shamba la mtu asiyekuwepo, wapelekee jamaa zake habari hiyo siku ileile. Siku moja na wewe utakuwa safarini, na shamba lako litahitaji jirani anayejua kusoma.

Maswali ya kujadili

1. Tangazo kuhusu shamba hubandikwa wapi?
2. Kwa nini majirani waitwe shambani?
3. Katika kijiji chetu, habari za mashamba huwafikiaje watu walio mbali?