Fimbo Haikaushi Godoro

Mtoto akikojoa kitandani, nyumba nyingi tayari zina hukumu: mvivu huyu, mkojo unambana anausikia, ila hataki kuamka. Basi anachapwa, kisha anabebeshwa godoro hadi uani mbele ya wapangaji wote, na watoto wenzake wanamwimbia. Mtoto wa miaka minne! Huo ni ukatili, tena umejengwa juu ya uongo.

Mtoto huyo hasikii chochote. Usiku mwili hutoa homoni inayozifanya figo zipunguze mkojo. Kwa baadhi ya watoto homoni hiyo huchelewa kutosha, kibofu hakihimili mkojo wa usiku kucha, na usingizi ni mzito mno kumwamsha. Ndiyo maana kabla ya miaka 5 madaktari hawahesabu kuwa ni tatizo. Kwenye umri huo, takriban watoto 15 katika kila 100 bado wanalowesha shuka, na wengi wataacha wenyewe kadiri wanavyokua. Hali hii pia hurithiwa. Baba anayefungua mkanda akamuulize kwanza mama yake mzazi yeye alilalaje akiwa darasa la pili.

“Mbona mimi nilichapwa nikaacha?” Uliacha kwa sababu ulikua. Ungeacha hata bila kuchapwa, na usingekuwa unaogopa kulala ugenini.

Linaloniuma zaidi ni kwamba fimbo huficha ugonjwa. Mtoto mwenye selimundu, na Tanzania tunao wengi, ana figo zisizoweza kubakiza maji mwilini inavyotakiwa, hivyo hukojoa sana. Ukimnyima maji jioni ili godoro libaki kavu, unaweza kumletea maumivu makali ya mifupa usiku huohuo. Na aliyekuwa ameshaacha, akaanza tena ghafla huku ana kiu isiyokatika na anakonda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapimwe sukari. Wapo pia wanaosumbuliwa na choo kigumu tu, maana nacho hukandamiza kibofu.

Tandika mpira chini ya shuka. Mpeleke chooni kabla hajalala. Asubuhi mbadilishie nguo na shuka mlango ukiwa umefungwa, anywe chai, aende shule. Na dada wa kazi, shangazi, kaka zake, wote waambiwe waziwazi: humu ndani hakuna anayeitwa kikojozi.