Kiingereza kwa Kete, Vifuu na Ukindu



Wazazi wenzetu wa Bongwe na jirani zake wamekuwa wakituuliza suala moja kwa njia nyingi. Huulizwa barazani baada ya Sala ya Isha, na huulizwa mlangoni mwa chuo watoto wanapotoka: vipi tutawafunza wanetu Kiingereza, ilhali wengi wetu hatukukipata sawasawa? Wenye uwezo hukimbilia skuli za kulipia, na katika baadhi yazo mtoto wa miaka 4 hukalishwa tangu asubuhi akinakili herufi. Wasio na uwezo hunyamaza, wakidhani mlango umefungwa. Leo twapenda kuonyesha kwamba mlango u wazi, na ufunguo wake umo uani mwetu.

Suala lenyewe si dogo. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiingereza pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi za nchi. Sera ya elimu yataka watoto wa awali na wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao. Kuanzia Gredi ya 4, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyefika hapo bila ya kukizoea hapungukiwi na lugha pekee. Hupungukiwa na hesabu na sayansi pia, kwa kuwa haelewi aulizwalo. Kisha hujiona mjinga, naye si mjinga. Wangapi miongoni mwa vijana wetu waliacha skuli kwa fedheha ya namna hiyo, na hali Diani na mahoteli yake i hapa jirani yataka watu wanaoijua lugha?

Lakini haraka haina baraka. Mtoto mdogo hajifunzi lugha kwa daftari. Hujifunza kwa sikio kwanza, kisha kwa mwili, kisha kwa ulimi. Kalamu huja mwisho. Ndivyo alivyojifunza Kidigo kwa mamake. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, alianza kufundisha lugha za kigeni kwa njia hiyo: mwalimu hutoa amri, mwanafunzi huitekeleza kwa vitendo, wala halazimishwi kusema mpaka awe tayari. 

Nasi watu wa pwani si wageni wa mambo haya. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwomba Aga Khan asaidie elimu ya watoto wao. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianza kazi na jamaa wa Liwatoni, Mombasa, wakaanzisha darasa la awali ambamo mafunzo ya dini na ya dunia yalikaa pamoja, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya hapa hapa. Mpango huo wa madrasa za awali uliingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watafiti waliowapima watoto wa nchi hizo tatu walikuta kwamba waliopitia madrasa hizo walipiga hatua zaidi katika maarifa kuliko waliobaki nyumbani.

Basi na tuitazame michezo yenyewe.

Wa kwanza ni mchezo wa amri. Watoto wasimame duara, kama wachezapo ukuti. Mkubwa wao aseme "jump", naye aruke; aseme "sit", naye aketi. Baada ya siku chache aseme bila ya kutenda, awaone watoto wanavyotenda wenyewe. Maneno matano kwa juma yatosha. Mtoto akikosea asitolewe nje ya mchezo, maana anayetolewa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuendelea.

Wa pili twauita kukata mkia. Nyumba zetu zimejaa maneno yaliyohamia kutoka Kiingereza: soksi, penseli, blanketi, sketi, baiskeli. Kiswahili kiliyapokea kwa kuyaongezea irabu mwishoni, kwani maneno yetu hayapendi kuishia na konsonanti. Mtoto atafute kitu chumbani, akilete, kisha aukate mkia: soksi iwe "socks", penseli iwe "pencil", huku akipiga kofi pale sauti inapokatika. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kuuchezesha mchezo huu, na nduguye mkubwa asahihishe matamshi. Mtoto hugundua kwamba lugha ile aiogopayo imekuwa ikikaa naye nyumbani siku zote.

Wa tatu wahitaji vifuu viwili na kete au vijiwe kumi. Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza kina nyingi zaidi ya maradufu. Ndiyo sababu sikio letu huchanganya "ship" na "sheep", yaani jahazi na kondoo. Kifuu kimoja kiwe cha jahazi, cha pili cha kondoo. Msemaji atamke neno moja, na mtoto atie kete katika kifuu kinachostahili. Wala asitakiwe kutamka kwanza. Sikio likishapambanua, ulimi hufuata. Mchezo huu wataka msemaji mwenye matamshi mazuri, kwa hiyo aombwe mwalimu wa skuli au kijana aliyemaliza masomo. Na watoto wa chini ya miaka 3 wawekwe mbali na kete, wasije wakazimeza.

Katika matamshi, watoto wetu wana akiba wasiyoijua. Wengi wa wanaojifunza Kiingereza duniani hushindwa na sauti za "think" na "this". Mtoto wa chuo, aliyezoea kutamka thumni na dhahabu, na aliyeongozwa na maalim kuitoa thaa na dhaal mahali pake, huzipata sauti hizo bila ya taabu. Asidhani mtu kwamba saa za chuo zamwibia mtoto saa za Kiingereza.

Wa nne ni kazi ya mikono, na hapa bibi zetu ndio walimu. Wanaposuka mikeka huwa na ukindu uliotiwa rangi. Mabaki yake wapewe watoto wasuke ukili mwembamba, na kila mwaa uitwe kwa rangi yake: "red", "green", "purple". Ukuti mbichi hufanywa upepo wa kuzunguka, saa ya mkononi na miwani. Katika kuutengeneza, vitendo hujileta vyenyewe: "cut", "fold", "tie", "pull". Neno lililofungwa na kazi ya mkono hukaa, kwa kuwa mtoto amelishika kabla ya kulisema. Kisha mdako, ambao vijiwe vyake huhesabiwa vinaporushwa: leo kwa Kidigo, kesho kwa Kiswahili, keshokutwa kwa Kiingereza.

Yapo mambo matatu ya kuchunga. Mosi, robo saa kwa siku yatosha. Mchezo uachwe watoto wangali na hamu nao. Pili, anayekosea asichekwe. Mtoto akisema "I goed", ajibiwe kwa upole kwa neno sahihi, na mazungumzo yaendelee. Tatu, na hili ndilo zito, Kiingereza kisijengwe juu ya kaburi la lugha ya nyumbani. Kenya ilipata kuwa na skuli zilizomvisha kibao cha aibu mtoto aliyesema lugha ya mamake. Tusikirudishe kibao hicho majumbani mwetu kwa kumkemea mtoto anayesema Kidigo. Aliyekwisha kujua kwa lugha yake maana ya kubwa na dogo, juu na chini, jana na kesho, hana la kujifunza ila jina jipya. Asiyeyajua kwa lugha yoyote, huyo ana kazi mbili.

Dini yetu haikutuzuia lolote katika haya. Qur'ani, katika Sura ar-Rum, imehesabu kutofautiana kwa lugha zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda wa nusu mwezi. Na ni yeye Mtume aliyemtania mtoto Abu Umayr juu ya kindege chake, wala hakuona kwamba mchezo wa mtoto ni jambo la kupuuzwa.

Twapendekeza basi jambo jepesi. Jumamosi hii, baada ya Alasiri, mzazi mmoja katika kila mtaa akusanye watoto kumi chini ya mwembe, na kijana mmoja aliyesoma, na bibi mmoja ajuaye kusuka. Ada yake ni robo saa na kikapu cha vifuu.

Wabillahi tawfiq.