King'ora Bila Jirani

Juzi stima ilipopotea usiku, king'ora cha nyumba yangu kilinyamaza jii. Betri yake ya volti 12 sikuwa nimeigusa kwa miaka 6, hali mafundi hushauri ibadilishwe baada ya miaka 3 hadi 5. Wezi wakabeba televisheni na cherehani ya mke wangu. Kosa ni langu.

Lakini hata kingelia, nani angetoka? Mara ngapi kimelia kwa ajili ya paka tu, wala sikuwaomba majirani radhi! Zamani mtu akipiga nduru, kijiji kizima kilitoka na marungu.

Ndugu msomaji, kipime king'ora chako kila mwezi, na siku iyo hiyo umjulie hali jirani. Asiyejuana na jirani, king'ora chake hulia bure.