UCHUMI WA HASARA

Wako ndugu zetu wa Tukuyu na wilaya nzima ya Rungwe wenye kompyuta moja tu nyumbani. Baba huandikia hesabu za chai, watoto husomea na kutazamia sinema. Baadhi yao wamezima masasisho ili kuokoa bando. Twaujua uzito wa shilingi. Hata hivyo uchumi huo ni wa hasara.

Mei 12, 2017, kirusi WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150, kikidai dola 300 za ukombozi. Microsoft ilikwisha toa dawa yake tangu Machi! Wengi walioumia hawakuichukua. Na wenye Windows 10 wajue kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma Oktoba 14, 2025.

Watoto nao wapewe akaunti isiyo na ruhusa ya kuweka programu, maana zile za wizi zigawiwazo bure mara nyingi huficha kirusi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humwadhibu mhalifu, mafaili hairudishi. Basi picha na hati za shamba zinakiliwe katika diski ya nje, kisha ichomolewe. Yafaa ifanywe Jumapili hii hii.