Hesabu Isiyomuuliza Mama

Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wanapajua. Basi likishaiacha Doma linapunguza mwendo, matuta yanaanza, na kando ya lami kimesimama kibao chenye orodha ya faini kwa dereva atakayemgonga mnyama. Kwa kilometa 50 hivi barabara kuu iendayo Zambia inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kisha inatokea mji wa Mikumi, wilayani Kilosa. Tembo wakiwa karibu na barabara, basi zima linahamia upande mmoja. Watu wanaonyeshana vidole na kuhesabu: wanne, watano, na yule mtoto nyuma ya mama yake.

Wataalamu nao huhesabu hivyo, ila wao hupanda ndege. Kila baada ya miaka kadhaa ndege ndogo huruka juu ya Mikumi na pori la Selous, vichwa vinahesabiwa, na namba inatangazwa. Ikipanda, watu hushangilia. Makala hii inahoji furaha hiyo. Inadai kwamba idadi ya walio hai leo haielezi vya kutosha kitakachotokea kesho, kama hakuna aliyeuliza mama zao walikuwa akina nani na walilelewa katika hali gani.

Ushahidi wa kwanza uliokotwa Mikumi kwenyewe, chini, kwenye nyasi. Kati ya mwaka 2003 na 2005, Kathleen Gobush na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliwafuatilia tembo majike wazima 218 katika makundi 109 kwa miezi 25. Silaha yao kubwa ilikuwa subira. Tembo akijisaidia na kuondoka, sampuli ya kinyesi inachukuliwa. Ndani yake mna chembe za utumbo zenye vinasaba, zinazoeleza nani ni ndugu wa nani, na mabaki ya homoni za msongo, yanayoeleza mwili wa mnyama umebeba nini. Mnyama mwenyewe haguswi wala hapigwi sindano ya usingizi.

Walichokitafuta kilikuwa jeraha la zamani. Katikati ya miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Pembe ya tembo hukua maisha yake yote, kwa hiyo jangili humfuata mzee. Kwanza waliisha madume wakubwa, kisha majike wazee, wale bibi wanaoongoza koo. Mwaka 1989 Tanzania iliendesha Operesheni Uhai na kuwa mstari wa mbele kudai marufuku ya biashara ya pembe za ndovu duniani. Marufuku ikapatikana. Risasi zikapungua.

Miaka 15 baadaye kinyesi kilikuwa bado kinasimulia. Majike wa makundi yasiyo na bibi, yasiyo na ndugu wa karibu, yaliyoungana kwa kuokotana tu baada ya mauaji, walikuwa na homoni za msongo nyingi kuliko majike wa koo zilizosalimika. Walizaa kidogo zaidi pia, ingawa wengi wao walikuwa katika umri mzuri kabisa wa kuzaa. Mwaka 2006, muda mfupi baada ya utafiti huo, hesabu ya ndege ikaonyesha tembo kama 70,000 katika eneo lote la Selous na Mikumi. Namba ilikuwa imepona. Baadhi ya koo zilikuwa bado.

Anayetaka kuelewa kwa nini mabaya ya kizazi kimoja yanamfikia mjukuu atajikuta, akipenda asipende, ameinamia darubini. Humo atakutana na mnyoo wa milimeta moja, *Caenorhabditis elegans*. Si wale minyoo wanaotibiwa kwa dawa shuleni. Huyu huishi kwenye matunda na majani yanayooza na hamdhuru mtu. Aliyempa umaarufu ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, ambaye mwaka 2002 alishiriki Tuzo ya Nobeli kwa kazi iliyojengwa juu ya mnyoo huyo. Mwili wake mzima, ukiacha seli za uzazi, una seli 959, na 302 kati ya hizo ni za neva. Wengi ni huntha, wanajitungisha wenyewe. Yai likianguliwa leo, baada ya siku tatu hivi mnyoo huyo naye anataga. Vizazi ambavyo kwa tembo vingechukua karne, mtafiti wa mnyoo anavimaliza ndani ya miezi michache, juu ya kisahani kimoja chenye bakteria za kula.

Kwa sababu hiyo mnyoo anaweza kuulizwa maswali ambayo hakuna tembo angeweza kuyajibu. Mwaka 2017 kundi la Barcelona likiongozwa na Ben Lehner lilichapisha jaribio la joto. Minyoo walikuwa wamepandikizwa jeni ya kung'aa. Katika nyuzi joto 20 mwanga ulikuwa hafifu. Katika nyuzi 25 uliwaka. Waliporudishwa kwenye ubaridi, wazao wao waliendelea kuwaka kana kwamba joto halijaisha. Ukoo uliokaa kwenye joto kwa vizazi vitano ulibeba alama hiyo kwa vizazi 14. Herufi za vinasaba hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni namna vinasaba hivyo vinavyofungwa na kufunguliwa ndani ya seli.

Njaa nayo imejaribiwa. Mwaka 2014 Oded Rechavi na wenzake walionyesha kwamba minyoo wachanga walioshindishwa njaa waliwarithisha wazao wao vipande vidogo vya RNA vinavyodhibiti jeni za lishe, na kwamba kizazi cha tatu kiliishi muda mrefu zaidi ya kawaida. Jambo hili lisipitwe haraka. Urithi wa dhiki si laana siku zote. Mara nyingine ni maandalizi.

Hapa ndipo waandishi wengi wa magazeti huteleza. Wakishasoma kuhusu vizazi 14 vya mnyoo, kesho yake wanaandika kwamba hofu ya babu imo kwenye damu ya mjukuu. Mnyoo hajasema hivyo. Jeni iliyong'aa Barcelona ilipandikizwa na watafiti, na alama yake ilipimwa katika viumbe wanaokaribia kufanana kama mapacha, chakula kimoja, kisahani kimoja. Hata ndani ya fani kuna mabishano. Maabara ya Coleen Murphy, Chuo Kikuu cha Princeton, ilitangaza mwaka 2019 kwamba minyoo waliojifunza kukwepa bakteria hatari huwarithisha wazao woga huo kwa vizazi vinne. Maabara ya Craig Hunter, Harvard, ilipojaribu upya haikuuona woga huo kupita kizazi cha kwanza. Baadaye maabara ya tatu ikaripoti kuuona. Sayansi inayobishana hadharani namna hii inastahili kuaminiwa zaidi kuliko ile isiyo na mpinzani, lakini si ya kubebwa nzima nzima hadi kitandani kwa mzazi wa Kilosa.

Tembo wa Mikumi hawahitaji hata kuazima maelezo ya mnyoo. Njia iliyowafikishia hasara ni ya wazi: aliyejua ameuawa, na hakuna aliyebaki wa kufundisha. Ukame wa mwaka 1993 katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ulionyesha uzito wa ujuzi huo. Charles Foley na wenzake walihesabu ndama 16 waliokufa kati ya 81 ndani ya miezi tisa. Koo zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache. Ule uliobaki ndani, ukiwa na majike wa umri mdogo, ndio ulioumia. Viongozi wazee wa koo zilizoondoka huenda waliukumbuka ukame mkubwa wa mwaka 1958 hadi 1961. Elimu ya namna hiyo haiandikwi kwenye vinasaba. Inatembea kwa miguu minne, na jangili akiipiga risasi imekwisha.

Kuna basi njia mbili za urithi usio wa jeni. Moja inapita ndani ya seli, kama kwa mnyoo. Nyingine inapita katika malezi. Nyani wa Amboseli, nchini Kenya, ndugu wa jamii moja na nyani wa manjano wanaokaa kando ya barabara ya Mikumi, wanaonyesha kwamba njia ya pili inaweza kufika mbali vilevile. Watafiti waliochambua kumbukumbu za miongo kadhaa waliripoti mwaka 2019 kwamba mtoto wa nyani ambaye mama yake aliwahi kuwa yatima utotoni ana hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hata kama mama huyo alikua na kuzaa. Msiba ulimpata mama kabla mtoto hajatungwa. Mtoto ndiye aliyeulipia.

Jambo hili lina haraka yake sasa, kwa sababu Mikumi imeumizwa mara mbili. Wale tembo 70,000 wa mwaka 2006 walishuka hadi karibu 39,000 mwaka 2009, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta 13,084 tu katika Selous na Mikumi. Ujangili umedhibitiwa tangu wakati ule, na pongezi zinastahili kutolewa. Lakini ndama jike aliyeachwa yatima miaka hiyo amefikia sasa umri wa kubeba mimba yake ya kwanza, ambayo hudumu miezi 22. Swali la Gobush, Mutayoba na Wasser limerudi mlangoni likiwa na kizazi kipya: ndama hawa watalelewa na nani, na huyo mlezi naye alilelewa na nani?

Swali hilo linawahusu pia watu wa Kilosa, kwa tahadhari zote zilizotajwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, ukaharibu Reli ya Kati na kuzihamishia familia nyingi kwenye mahema. Mtoto wa kike aliyekuwa tumboni mafuriko yalipokuja ni binti sasa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015 na 2016. Msichana aliyedumaa akikua huwa mama mfupi, na mama mfupi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Mzunguko huo unajulikana kwa madaktari wa lishe bila msaada wa mnyoo yeyote.

Kwenye zahanati zetu chombo cha kuusoma kipo tayari, kimesimama ukutani. Mama mjamzito akifika kliniki anapimwa kimo, na aliye chini ya sentimeta 150 anawekewa alama ya kuangaliwa zaidi. Nesi anayemsimamisha mama kwenye rula ile anasoma, kwa sekunde kumi, kile alichokula mama huyo akiwa na umri wa miaka miwili na hali aliyokuwa nayo bibi alipombeba. Kasoro ni kwamba kusoma kunaishia hapo. Kadi ya ujauzito ni mpya, kadi ya utoto ya mama huyo haikuulizwa, na mara nyingi ilishatumika kuwashia moto.

Makala hii kwa hiyo inadai mambo mawili. La kwanza, ripoti za hesabu ya tembo zisitoke tena na idadi peke yake. Zieleze umri wa majike na makundi mangapi yana bibi, kwa sababu mbinu zipo na mtaalamu wa Morogoro alishiriki kuzijaribu Mikumi miaka 20 iliyopita. Fedha za utafiti zitolewe kwa miaka mingi mfululizo. Ruzuku ya miaka mitatu haiwezi kumfuata mnyama anayebeba mimba karibu miaka miwili na kukaa miaka minne au mitano kabla ya ndama mwingine.

La pili, rekodi za kliniki zifungwe pamoja, ya mama na ya mtoto, ili uzito wa kuzaliwa wa mama uonekane siku mwanawe anapopimwa. Hilo halihitaji maabara ya Barcelona. Linahitaji mstari mmoja zaidi kwenye kadi na mtu wa kuuliza.

Wakati serikali ikilitafakari hilo, msomaji anaweza kuanza nyumbani. Mwenye binti anayetarajia kujifungua aitafute kadi yake ya zamani ya kliniki, kama bado imo sandukuni, na ampe aende nayo pamoja na ile mpya.