Triopsi si mwanasesere, maji yake yanataka mtu mzima

Wapo ndugu walioko Ulaya na Marekani ambao wakija likizo huwaletea watoto kiboksi chenye paketi ndogo ya mayai, chakula cha unga na picha ya mdudu mwenye macho matatu. Mtoto hufurahi, mzazi hushukuru, na kiboksi huwekwa juu ya friji au pembeni mwa sinki. Hapo ndipo ninapokuwa na neno.

Kiumbe huyo anaitwa Triopsi. Ni jamii ya kaa na kamba, ila huishi kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi. Mgongoni ana gamba kama ngao, na mkia wake umegawanyika pande mbili. Wauzaji humwita mnyama wa zama za dinosaria. Kwa umbo hawakosei, maana mabaki ya jamii yake yaliyogeuka mawe yana zaidi ya miaka milioni 200. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa aina zilizopo leo zilitokea baadaye sana. Biashara ni matangazo.

Maajabu yake hasa yako kwenye yai. Kwa asili huishi katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wakubwa hufa wote, na mayai hubaki kwenye tope kavu kwa miaka mingi yakingoja maji. Ndiyo maana yanaweza kutiwa kwenye paketi kama mbegu za mchicha. Yakipata mwanga na maji safi yenye joto la nyuzi 22 hadi 28, huanguliwa kwa siku 1 hadi 3. Baada ya wiki 2 au 3 Triopsi anataga, na kwa kawaida hafikishi zaidi ya siku 90.

Basi anayekua kwa kasi hiyo hula sana, hujisaidia sana na huvua gamba kila mara. Mtoto naye anapenda kulisha. Chakula kinachobaki huoza, maji hugeuka meupe na kunuka, hewa iliyomo majini hupungua, na asubuhi wote wamekufa. Wakikosa chakula nako hulana wenyewe kwa wenyewe. Dawa ni kulisha kidogo tu na kubadilisha robo ya maji kila baada ya siku chache. Maji ya bomba yenye klorini hayafai kuangulia mayai.

Sasa tuje kwenye afya ya nyumba. Maji ya chombo chochote cha viumbe wa majini yanaweza kuwa na salmonela, bakteria waletao homa na kuhara. Wapo bakteria wengine wa matangi ya samaki ambao hupenya kwenye mchubuko na kuleta vidonda visivyopona upesi. Kwa hiyo chombo kisikae jikoni, na maji machafu yamwagwe chooni, si kwenye sinki la vyombo. Bakuli la kulia au kopo la udhu lisichotee maji hayo kisha likarudi kwenye kazi yake. Kila aliyegusa anawe kwa sabuni. Mtoto wa chini ya miaka 5 aangalie tu.

Wengine hudai Triopsi huzuia mbu. Ni kweli hula viluwiluwi, lakini siku za mwanzo yeye mwenyewe ni mdogo kuliko kiluwiluwi. Funikeni chombo kwa kipande cha chandarua. Mchanga wenye mayai nao usitupwe mtoni wala dimbwini, kwani aina inayouzwa sana asili yake ni Amerika.

Nimesikia wanaosema, "Ni mdudu tu, akifa tutanunua mwingine." Sikubaliani nao hata kidogo. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula. Aliyefungiwa kwenye chupa hana pa kwenda kujitafutia, awe paka au kamba mdogo.

Wala sisemi zawadi hizi zipigwe marufuku, kwani mtoto hujifunza mengi humo. Nasema awepo mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kazi hiyo kwa siku zote 90. Kama hayupo, paketi ibaki imefungwa mahali pakavu. Mayai hayaharibiki upesi.