Mpeni Dada Jumapili Yake

Mama, mama mdogo, shangazi, na kina mama wote wa kikundi chetu cha vikoba,

Maswali yenu yamefika. Kubwa ni lile la mama mdogo: je, huku kuwa au pair kunalipa, na binti yake naye afanye mpango? Nianze na hilo, maana nasikia kuna watu huko mjini wanauza ndoto.

Hapa Ujerumani au pair hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Anaishi na familia kwa muda usiozidi mwaka mmoja, anasaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za nyumbani, huku akijifunza lugha. Anapewa chumba, chakula, bima inayolipwa na familia, na pesa ya matumizi euro 280 kwa mwezi. Ukiibadilisha kwa shilingi inasikika nyingi, kama laki nane hivi, lakini hapa Berlin inayeyuka kwenye viatu vya baridi, vocha na mahitaji mengine. Kwa hiyo mtu asiuze kiwanja wala asikope kwenye kikundi akitegemea kulipa kwa pesa hiyo. Binti awe hajafikisha miaka 27 anapoomba viza, na awe amefaulu Kijerumani cha kiwango cha A1. Wakala wa Ujerumani haruhusiwi kumtoza au pair zaidi ya euro 150. Akitokea mtu anadai mamilioni ya kumuunganisha na familia, mkimbieni.

Hayo yanatosha. Nililokusudia kuwaandikia ni jingine.

Kwenye mlango wa friji ya familia ninayokaa nayo kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Jumatatu, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kuwavalisha watoto na kuwapeleka chekechea. Saa tisa alasiri, kuwachukua. Na si kazi nyepesi: mtoto wa miaka mitatu umemvisha suruali ya theluji, koti, kofia na glavu, mmefika mlangoni, ndipo anasema anataka kukojoa. Lakini saa zangu zikijumlishwa hazizidi 30 kwa wiki, wala sita kwa siku, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka. Siku moja na nusu kila wiki ni yangu. Kwa mwaka nina likizo ya wiki nne. Chumba changu kina mlango, mlango una ufunguo, na mama mwenye nyumba hupiga hodi. Kuna siku treni yake ilichelewa, akaingia saa moja usiku. Kabla hajavua koti alichukua kalamu akaandika zile saa za ziada, na Ijumaa yake akanipunguzia.

Si familia zote ziko hivi. Kwenye darasa letu la Kijerumani wapo wasichana waliofanyishwa kazi mpaka usiku. Lakini walikuwa na mkataba wa kuonyesha, wakaondoka wakatafuta familia nyingine.

Sasa namfikiria dada yetu wa kazi pale nyumbani. Aliletwa kutoka Singida baada ya kumaliza darasa la saba. Saa kumi na moja alfajiri ameshawasha jiko, anachemsha chai na kuwaandaa watoto wawahi basi la shule. Usiku analala wa mwisho, kwa kuwa lazima amsubiri wa mwisho kuingia ndipo afunge geti. Godoro lake liko stoo, kati ya gunia la mchele na ndoo za maji, na mlango wa stoo haufungwi kwa sababu kila mtu anaingia muda wowote kuchukua kitu. Jumapili ndiyo siku anayochoka kuliko zote, maana ndiyo siku ya wageni.

Mtasema yeye ni kama mtoto wetu, na mtoto haandikiwi mkataba. Nami huku naishi kama mtoto wa nyumba. Nakula nao meza moja, nikiugua wananipikia supu, watoto wakiota vibaya wananililia mimi. Ile karatasi ya kwenye friji haijapunguza upendo hata chembe. Imenifanya niweze kuwapenda bila kinyongo.

Wala msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Sheria yetu wenyewe Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamlinda hata mfanyakazi wa nyumbani: saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kimewasemea wafanyakazi hao kwa miaka mingi. Tunaokosekana ni sisi tulio ndani ya nyumba.

Na huku Wedding, kaskazini mwa Berlin, kuna mtaa unaonikumbusha mtumishi asiye na ulinzi, wenye barabara zilizopewa majina ya kwetu: Sansibarstraße, Usambarastraße. Barabara moja ilipewa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, mwaka 1939. Kule Kilimanjaro, Peters aliwanyonga Mabruk, mtumishi wake wa nyumbani, na Jagodja, binti aliyemweka nyumbani kwake, ambaye alikuwa amejaribu kutoroka. Baada ya watu kudai kwa miaka mingi, Agosti 2024 jina la barabara hiyo liliondolewa, na sehemu yake sasa ni Maji-Maji-Allee. Nikipita pale na watoto huwa nawaza juu ya hao wawili, waliokuwa chini ya paa la mtu mwenye kuwafanyia alivyotaka.

Mama, naomba dada apewe Jumapili yake kuanzia mwezi huu, na wageni tuwapikie wenyewe. Mlango wa stoo uwekwe kitasa, na ufunguo ukae kwake. Hela ya kitasa na kitanda nitaituma mimi. Mshahara wake apewe mkononi mwake, si kutumiwa mjomba wake.

Na wewe mama mdogo, binti aanze A1, nitamsaidia kutafuta familia. Ila kabla hajapanda ndege, keti na msichana wako wa kazi, mwandike pamoja karatasi kama ile unayotaka mwanao aandikiwe huku.

Mwanenu,
Berlin